Watoto wahesabiwe kila siku, si mara moja kwa mwaka



Kila mwaka vijana wetu wa chuo kikuu wanatumwa kufanya staji katika ofisi za serikali, na wengine wanaangukia ofisi za masomo. Wanapewa meza na lundo la makaratasi yaliyotoka shuleni, wanaambiwa: jumlisheni. Wavulana wangapi, wasichana wangapi, walimu wangapi. Raporti inapigwa muhuri, mkubwa anatia sahihi, kazi imekwisha. Sisi tunasema kazi hiyo haijaanza.

Sisi makarani wa mgodi tunajua kidogo habari ya kuhesabu watu. Mgodini hakuna mkubwa anayeridhika na majina yaliyoandikwa kitabuni. Kila asubuhi watu wanahesabiwa: nani ameingia, nani hakuingia, sababu gani. Namna gani basi wachimba shaba wahesabiwe kila siku, na mtoto wa inchi ahesabiwe siku ya kuandikishwa tu?

Sheria kubwa ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na watoto wengi mno wakaingia madarasani. Tulifurahi, hatukatai. Lakini kuandikwa jina si kusoma.

Tutoe mfano. Darasa lina watoto 60, na hesabu ya jumla inasema kila siku wako 54, yaani 90 kwa mia. Mkubwa anasoma, anafurahi. Lakini wale 6 wasiokuja ni akina nani? Labda ni zamu zamu, leo huyu ana malaria, kesho yule. Ama ni wale wale 6 tangu Oktoba, na hao wamekwisha kupotea. Hesabu ya jumla ni moja, mambo ni mawili, tena dawa yake si moja. Kule Marekani mtoto akikosa siku 1 katika kila 10 za masomo, hata kwa ugonjwa, anatiwa katika hesabu ya wanaokosa mno, na anafuatwa mtoto mmoja mmoja. Hatuna haja ya kuiga kila kitu, lakini hilo ni jambo la akili.

Kwetu jambo hili linauma zaidi. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto 40,000 hivi walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Katanga. Wako waliosoma asubuhi na kuosha mawe mchana. Karatasi ya mwaka haiwezi kuwaona hao. Kitabu cha mwalimu cha kuita majina kinaweza.

Kwa hiyo tunaomba wanafunzi wa staji wapewe vitabu hivyo vya kila siku, wavisome mstari kwa mstari. Waangalie mtoto gani anakosa siku ya soko, nani anakosa wakati wa mvua, nani alikoma malipo fulani yalipodaiwa. Kisha watoke ofisini, waende kumuuliza mwalimu na mama wa mtoto. Majina yabaki kati ya shule na wazazi, maana hatutaki orodha ya kumtisha maskini. Na mwalimu asiyelipwa mshahara (bado wako, tena wengi) asilaumiwe kitabu chake kikiwa na mistari mitupu. Alipwe kwanza.

Hesabu irudi shuleni upesi, kabla ya Krismasi. Ikifika Julai ni ya kuwekwa kabatini tu.

Nanyi wazazi, juma hili mwendeeni mwalimu, mumwulize: mtoto wangu amekosa siku ngapi tangu Septemba? Asipoweza kujibu, mwendeeni na mkubwa wa shule, mwende wengi pamoja.