Deni la Aliyesoma Ng'ambo

Tumchukue kijana mmoja wa Igombe, kando ya Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Mwanza. Amekulia mwaloni. Tangu utotoni amejua kumtofautisha sato na ningu, na dagaa na furu. Amejua upepo upi huirudisha mitumbwi na upi huizamisha. Taifa likampeleka ng'ambo kusomea elimu ya samaki. Baada ya miaka mingi anarudi na shahada yake, na jioni anashuka mwaloni kuwaamkia wazee. Mzee mmoja anamwuliza: "Mwanangu, furu wetu wamekwenda wapi?" Kijana anafungua kinywa. Jawabu analijua, wala hana shaka nalo. Lakini jawabu lote limo katika lugha ya watu wengine. Anababaika, anachanganya maneno, na mwishowe anacheka na kusema: "Mambo haya, Mzee, hayaelezeki kwa Kiswahili." Mzee anatikisa kichwa na kuurudia wavu wake.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini hakuna mwalimu asiyemfahamu. Nami nasema hivi: kusoma ng'ambo kwa lugha ya kigeni si aibu, wala si utukufu. Ni mkopo. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili hulipwa kwa lugha ya wananchi.

Kwanza tuwatazame wenyeji waliowapokea vijana wetu. Mwaka 1960 Urusi ya Kisovieti ilianzisha mjini Moscow chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Watanzania walikuwa miongoni mwa waliosoma huko. Kabla mgeni hajaanza udaktari au uhandisi, alifundishwa Kirusi kwa mwaka mzima. Huko Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki, Taasisi ya Herder ilifanya kazi kama hiyo kwa Kijerumani. Wenyeji hao hawakuona haya kumwambia mgeni kwamba elimu yao imo katika lugha yao. Lakini pia hawakumtupa darasani akiwa bubu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; nao walimpa jembe kabla ya kumpeleka shamba.

Sasa turudi nyumbani. Mtoto wa Magu au Sengerema husoma miaka ya shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Anapoingia Kidato cha Kwanza hukuta jiografia na biolojia zimegeuka Kiingereza. Mgeni wa Moscow alipewa mwaka. Mtoto huyu hupewa majuma machache. Amefanywa mgeni katika nchi yake mwenyewe, tena mgeni asiyepewa jembe. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mpaka leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika shule hizo. Basi tusishangae kijana wetu akirudi kutoka ng'ambo bila ulimi. Ulimi huo tulianza kuukata sisi wenyewe akiwa na miaka kumi na minne.

Wapo wasemao kwamba msomi wa kweli hana budi kuandika kwa lugha ya mataifa makubwa. Hao nawaalika waitazame Ghuba ya Mwanza. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifika hapa kuwachunguza furu. Kwao, Mwanza ndiyo ilikuwa ng'ambo. Walijifunza kutoka kwa wavuvi wetu, wakavua katika maji yetu, kisha wakarudi kwao. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya samaki hao. Kilitoka mwaka 1994. Kwa lugha gani? Kwa Kiholanzi, lugha ambayo wasemaji wake ni wachache kuliko watu wanaokifahamu Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata baadaye. Mholanzi huyo hakuwaambia wazee wa kwao kwamba mambo ya furu hayaelezeki kwa Kiholanzi. Alikwenda ng'ambo, akarudi, akalipa deni lake. Ni jambo la kutuuma kwamba mtoto wa Leiden aliweza kusoma habari za ziwa letu kwa lugha ya mama yake, na mtoto wa Igombe bado anatakiwa avuke mlima wa Kiingereza kwanza.

Lakini tusijidharau. Ufuko huu wa ziwa umetoa walipaji hodari. Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alisoma Edinburgh, Uingereza, tangu mwaka 1949 hadi 1952. Aliporudi hakukitumia Kiingereza kama ngazi ya kuwapanda wenzake. Aliongoza nchi kwa Kiswahili, na katikati ya kazi za urais akazitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ndizo *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Gabriel Ruhumbika wa Ukerewe alipata udaktari wake Sorbonne, mjini Paris. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1969, ilikuwa ya Kiingereza. Lakini mwaka 1978 akatoa *Uwike Usiwike Kutakucha*, na baadaye *Miradi Bubu ya Wazalendo*. Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, aliandika tasnifu yake ya udaktari kwa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Lakini riwaya zake, tangu *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, ni za Kiswahili. Watu hawa hawakupungukiwa na Kiingereza wala Kifaransa. Walikuwa nacho cha kutosha, na kwa sababu hiyo hawakuwa na haja ya kujionyesha nacho.

Wapinzani watasema: hao ni watu wa fasihi, sayansi haina maneno katika Kiswahili. Hoja hii imechakaa. Maneno huzaliwa na kazi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi zilizofungiwa kabatini haziwezi kukua, kama vile mtumbwi uliofungwa gatini hauwezi kuleta samaki. Watasema tena kwamba tukifundisha kwa Kiswahili vijana wetu hawatapokewa ng'ambo. Je, waliokwenda Moscow walijua Kirusi kabla ya kuondoka? Kiingereza na kifundishwe, tena kifundishwe vizuri, kama somo lenye walimu wake na vitabu vyake. Lugha ya kigeni ni mlango. Mwenye akili huingia na kutoka kwa mlango. Hajengi kitanda chake kizingitini.

Basi nasema na ninyi, walimu na wanafunzi. Kila msomi arudiye kutoka ng'ambo hana budi kutoa, mbali na tasnifu aliyowaachia wenyeji wake, kijitabu kimoja cha Kiswahili kuhusu jambo alilolisomea. Nawe mwanafunzi unayeota Ulaya, China au Marekani, nenda, tena ujifunze lugha yao mpaka uote ndoto kwayo. Lakini kila uelewapo jambo jipya, jiulize: nitamwelezaje mzee wa mwaloni? Ukishindwa, hujalielewa; umelikariri tu.

Maana yule mzee wa Igombe alistahili jawabu, na jawabu lenyewe ni hili. Mzee, sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa humu katika miaka ya 1950 na 1960. Alipozidi kuongezeka katika miaka ya 1980 aliwala furu kwa wingi. Tena udongo na mbolea za mashamba ziliingia ziwani, mwani ukastawi, na maji yakatibuka. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yalipotibuka rangi hazikuonekana, na aina zilizokuwa mbalimbali zikachanganyikana. Ndiyo sababu aina nyingi za furu zimetoweka.

Hayo yote yamesemwa kwa Kiswahili, na hakuna neno lililokosekana. Kilichokosekana ni nia ya kusema.