Kabla Hajasaini Karatasi ya Upasuaji

Siku majibu ya kipimo cha kinyama kilichochukuliwa titini yanapotoka na daktari akasema ni saratani ya titi, nyumba nyingi za kwetu hujaa wasemaji. Kaka mkubwa anataka titi litolewe wiki hii hii. Mama mkwe amesikia kwamba saratani ikiguswa na kisu huenea, basi anaomba dawa za miti zijaribiwe kwanza. Mume anahesabu fedha. Mashoga zake wanamkumbuka fulani aliyekatwa ziwa akafa, na fulani mwingine aliyekatwa akapona. Mgonjwa mwenyewe ameketi katikati yao, fomu ya ridhaa mapajani, na hakuna aliyemuuliza anataka nini, wala kama ameelewa alichoambiwa hospitali.

Nawaandikia ninyi mnaomzunguka: waume, kaka, wakwe, watoto wakubwa, mashoga, majirani, viongozi wa vikundi vya kina mama. Ninaomba tumsaidie aamue mwenyewe, na akishaamua tumsaidie kulitimiza aliloliamua. Hilo la pili ndilo linalotushinda zaidi.

Kwanza tujue anachagua kati ya nini na nini. Saratani ikikutwa mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo, ziko njia mbili kubwa za upasuaji. Moja ni kutoa titi lote. Nyingine ni kutoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka, titi libaki, kisha titi hilo lipigwe mionzi. Wengi huamini, tena kwa nia njema, kwamba anayeacha titi anaacha na kifo ndani yake. Sivyo. Mwaka 1976 daktari Bernard Fisher na wenzake nchini Marekani walianza utafiti uliowagawa wanawake kwa bahati nasibu: wengine wakatolewa titi zima, wengine uvimbe tu, wengine uvimbe na kupewa mionzi. Wanawake zaidi ya 1,800 walifuatiliwa kwa miaka 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba makundi yote matatu hayakupishana katika muda wa kuishi. Mwaka huo huo Umberto Veronesi wa Milan, Italia, alitoa matokeo ya miaka 20 ya wanawake 701 waliotibiwa huko, nayo yakasema vivyo hivyo: waliobakiziwa titi na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliotolewa titi zima.

Lakini tusikimbilie kufurahi kabla ya kusikia sharti lake. Katika utafiti wa Fisher, waliotolewa uvimbe na kupata mionzi, saratani iliwarudia katika titi lile lile wanawake 14 katika kila 100. Waliotolewa uvimbe bila mionzi, iliwarudia 39 katika kila 100. Kwa mwanamke anayetaka kubaki na titi lake, mionzi ndiyo nusu ya pili ya tiba. Akitolewa uvimbe kisha akarudi kijijini kwa sababu nauli imekwisha, hajapata tiba aliyoichagua.

Na lipo jambo la upande wa pili ambalo hufichika mpaka limuumize mtu. Wako wanaokubali kutolewa titi zima wakitumaini kuikwepa kemo. Dripu za kemo haziamuliwi na aina ya upasuaji; huamuliwa na tabia ya saratani yenyewe, kama inalishwa na homoni au la, kama ina protini ya HER2 kwa wingi au la, na kama imeshafika kwenye tezi za kwapani. Hata mionzi inaweza kuhitajika baada ya titi kutolewa, ikiwa uvimbe ulikuwa mkubwa au tezi kadhaa zilikutwa na ugonjwa. Kulitoa titi la upande wa pili lililo zima nako hakumwongezei maisha mwanamke asiyerithi vinasaba vya hatari. Angelina Jolie, aliyetangaza mwaka 2013 kwamba ametoa matiti yote mawili, alikuwa amerithi kasoro katika kinasaba cha BRCA1. Hali yake si hali ya kila mmoja.

Haki ya mgonjwa kuulizwa ilipiganiwa, na mmoja wa walioipigania ni Rose Kushner, mwandishi wa habari wa Marekani. Alipougua mwaka 1974, desturi ya huko ilikuwa mwanamke apigwe nusu kaputi, kinyama kichukuliwe na kupimwa akiwa amelala, na kikikutwa na saratani titi litolewe hapo hapo. Mwanamke alilala hajui ana saratani. Akaamka hana titi. Kwa miongo mingi waliofuata njia ya daktari William Halsted wa Baltimore walitoa hata misuli ya kifua, na mwanamke akabaki na mkono mzito usiofanya kazi vizuri. Kushner alikataa. Alisema kipimo kiwe siku yake na upasuaji siku nyingine, ili katikati apate nafasi ya kusoma, kuuliza na kufikiri. Aliandika, akagombana na mabingwa, na mwaka 1979 aliketi katika jopo la taasisi za afya za taifa la Marekani lililopendekeza kwamba ile desturi ya kuunganisha kipimo na upasuaji iachwe.

Ninachompendea zaidi Kushner ni kwamba, baada ya vita vyote hivyo, yeye mwenyewe alichagua kutolewa titi. Alikataa tu kutolewa misuli. Alichokuwa anakitetea ni ule muda wa katikati, na sauti yake mwenyewe ndani ya muda huo.

Muda huo upo hata kwetu, nao si mrefu wala si mfupi kupita kiasi. Wiki mbili tatu za kuuliza maswali na kutafuta daktari wa pili hazimharibii mgonjwa. Miezi sita ya dawa za miti humharibia sana. Hapa niseme waziwazi juu ya imani ya kisu kueneza saratani, kwa maana imewazika mama na dada zetu wengi. Imani hiyo haikutoka hewani. Watu waliona kwa macho yao mgonjwa akipasuliwa na baada ya miezi michache akifa. Lakini wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, na aliyefika hivyo huenda tayari saratani imeshaingia kwenye mifupa, mapafu au ini kabla kisu hakijamgusa. Kilichomuua ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi wa mwaka 2021, linataka angalau wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, na uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Ukimkuta dada yako amekaa na uvimbe ambao hajaonyesha mtu, mshike mkono mwende.

Si kila mwanamke atakuwa na njia zote mbili. Uvimbe ukiwa mkubwa kulinganisha na titi, au saratani ikikutwa sehemu mbalimbali za titi, au akiwa ameshawahi kupigwa mionzi kifuani, daktari anaweza kumshauri titi litoke lote. Mjamzito hapigwi mionzi. Kwa wengine kemo hutangulia, uvimbe ukanywea, na mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: kwa hali yangu mimi, njia zipi zipo, na kama moja haipo ni kwa sababu gani? Aulize pia ukingo ukikutwa na saratani itakuwaje, maana wengine hulazimika kurudi chumba cha upasuaji mara ya pili. Aulize tezi ngapi za kwapani zitatolewa, kwa kuwa zikitolewa nyingi mkono unaweza kuvimba na kubaki hivyo, na kwa mama anayechota maji, kupalilia au kukanda unga hilo si jambo dogo. Baadhi ya hospitali huweza kutoa tezi chache za mwanzo kwanza na kuzipima.

Atakapochagua titi litoke, tumheshimu. Nimewasikia watu wa mjini wakizungumza kana kwamba anayekubali kutolewa ziwa hakuelimishwa. Kuna mwanamke anayetaka liondoke alale usingizi. Kuna anayeishi mbali, ana watoto wadogo na shamba, na amepima mwenyewe kwamba hawezi kukaa mjini kwa wiki kadhaa. Huo nao ni uamuzi wa mtu mzima. Nchini Kenya kuna wanawake waliopona wanaofuma kwa uzi matiti laini ya kuvaa ndani ya sidiria na kuwagawia wenzao. Kazi yao inastahili kuungwa mkono. Na mume, nakuomba: neno lako la kwanza siku ile kidonda kinapofunguliwa bandeji, atalikumbuka maisha yake yote.

Kisheria, kuelezwa si hisani ya daktari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na elimu yake. Madaktari wetu wanaona wagonjwa wengi kwa siku moja na wamechoka, najua. Ndiyo maana mgonjwa asiende peke yake. Mmoja wenu amsindikize akiwa na daftari, aandike yanayosemwa, aombe neno gumu lirudiwe kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, Kiluo, Kimakonde, lugha yoyote inayomfikia. Msindikizaji anaandika na kuuliza. Hachagui.

Sasa kuhusu mionzi, na hapa ndipo ombi langu lilipo hasa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanzania aliyehitaji mionzi alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, atoke Sumbawanga au Newala. Baadaye Hospitali ya Bugando, Mwanza, ikaanza kuitoa. Kenya nayo kwa muda mrefu ilitegemea Hospitali ya Kenyatta katika hospitali za umma, kabla huduma haijafika kwingineko. Mionzi hupigwa kwa dakika chache tu, Jumatatu hadi Ijumaa, lakini kwa wiki tatu, na kwa ratiba ya zamani wiki tano. Mgonjwa anahitaji pa kulala, chakula, nauli ya kila siku, na mtu wa kubaki na watoto nyumbani. Bima, hata pale inapolipia mashine, haimlipii godoro. Wengi waliokatwa titi ambalo lingeweza kubaki hawakuambiwa uongo na mtu yeyote. Walikosa tu pa kufikia mjini.

Hili tunaliweza. Sisi ni watu wa kamati. Harusi ikitangazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, mweka hazina anapatikana, ahadi zinaandikwa na kufuatiliwa mpaka senti ya mwisho. Fungueni kundi kama hilo kwa mgonjwa wenu siku majibu yanapotoka, kabla ya upasuaji, ili anapochagua ajue wiki zake za mionzi zina mwenyewe. Misikiti na makanisa ya Upanga, Kariakoo, Nyamagana na Nairobi, tafuteni nyumba mbili tatu katika waumini wenu ambazo zinaweza kumpokea mgonjwa wa mkoani. Waajiri, mpeni mfanyakazi wenu ruhusa ya wiki hizo bila kumtisha na kazi yake. Na wewe uliye na chumba kitupu karibu na hospitali yenye mashine ya mionzi, nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo wiki hii, uandikishe jina lako na namba yako, useme uko tayari kumpokea mtu.