Eti "umenunua kama lilivyo"!

Niliahidi kuandika kuhusu boom kuchelewa, lakini hiyo ingoje. Kuna jambo kutoka nyumbani Nkende linanikereketa.

Baba yangu mdogo kanunua Probox iliyotumika. Kauza ng'ombe wanne, akaongezea mkopo, jumla milioni nane na nusu, ili apige mchomoko Tarime–Sirari. Siku ya tisa gari likachemsha njiani, abiria wakashuka wakadai nauli yao. Fundi kufungua mfuniko wa oili, ndani rangi ya chai ya maziwa! Gasketi ya silinda hedi imekwisha, maji na oili vinachanganyika. Kwenye rejeta akakuta dawa ya kuzibia imeganda. Dawa haijiweki yenyewe jamani.

Sasa ndiyo baba mdogo anakumbuka kwamba siku ile walipofika yadi injini ilikuwa ya moto tayari. "Nimewawashia mapema msisubiri," jamaa akawaambia. Ukarimu huo! Injini mbovu hujisema ikiwashwa baridi, na yeye alilijua hilo.

Kampigia muuzaji, jibu likaja: "Mzee, soma mkataba. Umenunua gari kama lilivyo."

Kinachoniuma zaidi ni watu wetu wenyewe. Kila aliyesikia anasema pole, gari la mkononi ndivyo lilivyo, ungeenda na fundi. Yaani kwetu ng'ombe akiibiwa wazee wanakaa iritongo na mwizi anatafutwa. Ng'ombe wanne wakiondoka kwa karatasi yenye muhuri, mwenye makosa ni aliyeibiwa!

Mimi nasomea ualimu, sheria siijui, ila nina rafiki hapa hall anayeisoma na nimemsumbua usiku kucha (samahani, najua una test). Kumbe Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 16, inasema mnunuzi akimweleza mfanyabiashara matumizi anayotaka, akategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa matumizi hayo. Baba mdogo alisema wazi kwamba anataka gari la abiria. Ni kweli kifungu hichohicho kinambana mnunuzi: ukikagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona. Na masharti hayo watu wanaweza kuyaondoa kwa makubaliano, ndipo "kama lilivyo" inapopatia nguvu. Hapo nilinyong'onyea kidogo.

Lakini kuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 17 kinahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Basi "kama lilivyo" maana yake ni nini? Ni gari kama lilivyo, siyo kama lilivyopakwa dawa! Tena Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Yote hayo yapo, na Nkende hakuna aliyewahi kuyasikia. Sheria hizi zimekaa kwa Kiingereza miaka na miaka. Mwaka 2021 ndipo Bunge likapitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na bado muuza gari ndiye anayemtafsiria mkulima.

Mtasema fundi angekuwepo yasingetokea. Sawa, baba mdogo alizembea. Ila uzembe wake ni wa bure, uongo wa yule umelipwa milioni nane na nusu. Kwa nini tunamkaripia huyu na kumwita yule mjanja?

Nimemwambia asimruhusu fundi kufungua injini tena, maana alishatengeneza mara moja kwa hela yake, na kila spana inaondoa ushahidi. Fundi aandike alichokuta, asaini. Ile dawa iliyoganda aihifadhi kwenye kopo. Amtafute aliyekuwa naye siku ile yadi. Kisha barua kwa muuzaji, akikaidi ni Mahakama ya Mwanzo, madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30 yanapokelewa pale.

Kanijibu kwa meseji: "Mwanangu, tusije tukamuudhi, amesema atatupunguzia bei ya injini nyingine."

Injini nyingine! Kutoka kwake yeye! Jumamosi nampigia tena, salio ninalo.