Foki ya springi Garissa: pesa yako ipeleke kwenye tairi

Leo naomba niweke programu kando kidogo. Nataka kuzungumzia foki ya springi, ile foki ya mbele yenye miguu miwili inayobonyea, ambayo siku hizi karibu kila "baiskeli ya mlima" inayouzwa Kenya inayo, hata ya mtoto wa darasa la nne.

Msimamo wangu ni huu: kama unaendesha Garissa, Wajir au njia za Dadaab, usilipe zaidi kwa sababu ya foki hiyo. Kama tayari unayo na ni ya bei rahisi, usitumie hata shilingi moja kuiboresha. Ukipata nafasi ing'oe, weka foki ya chuma isiyobonyea. Najua nitapigiwa kelele, lakini hebu tuhesabu kwanza.

Foki hizi zina historia ya heshima. Paul Turner, aliyewahi kuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alileta RockShox sokoni mwaka 1989. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia pale Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa na foki hiyo, na tangu hapo hakuna aliyecheka tena. Lakini soma vizuri: mbio za KUTEREMKA. Milima, mawe, mizizi. Garissa iko mita mia moja na hamsini hivi juu ya bahari na ni tambarare kama meza. Unateremka wapi?

Adui wetu ni wengine. Kuna mchanga. Kuna laga. Kuna mathenge, ambaye mwiba wake unapita tairi kama sindano (jamaa wa Baringo waliishtaki serikali miaka ya 2000 kwa kuuleta mti huo, wakampeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula matunda yake matamu. Kesi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia). Halafu kuna barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati. Hapa ndipo watu wanasema, "si ndiyo maana nataka springi?"

Haya, tuhesabu. Chukua mikunjo iliyoachana sentimita 60. Ukienda kilomita 20 kwa saa, unakwenda mita 5.5 kwa sekunde, yaani gurudumu linapigwa mara 9 kila sekunde. Kila pigo ni dogo lakini halikuachi upumue. Foki ya bei rahisi ina springi ya chuma na mikono ya plastiki ndani, na msuguano wake ni mkubwa kiasi kwamba pigo dogo halitoshi kuianzisha. Inakaa imeganda. Ukikutana na shimo kubwa, hapo inabonyea, kisha inakurusha juu kwa sababu haina mafuta ya kuizuia. Springi haiui mtikiso. Inauweka akiba na kukurudishia. Kazi ya kuua mtikiso ni ya mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu membamba, na hayo ndiyo mwenye kiwanda aliyoyaondoa ili bei ishuke. Umebaki na zaidi ya kilo mbili za chuma mbele na mapambo.

Nani basi anafanya kazi kwenye bati? Tairi. Tairi pana ya inchi 2.2 yenye upepo wa psi 25 hadi 30 hubonyea kwa kila kijiwe na haina msuguano wa kuianzisha. Kwenye mchanga inatanuka badala ya kuzama. Ukiivua tyubu na kumwaga ndani yale maji mazito ya kuziba matundu (rimu na tairi ziwe za aina inayokubali), mwiba mdogo wa mathenge unajizibia wenyewe huku unaendesha. Usisahau tu kwamba kwa joto letu maji hayo hukauka haraka, kwa hiyo fungua uangalie kila baada ya miezi miwili hivi.

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huu huu. Programu ni nzito, mtu anakimbilia kununua seva kubwa kabla ya kupima ni mstari gani unaokula muda. Kupima ni bure jamani!

Na kama hamniamini mimi, mtazameni F.K. Day. Huyu ni mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni iliyoinunua RockShox mwaka 2002. Yaani foki za springi ni mkate wake. Mwaka 2005 yeye na mkewe walianzisha World Bicycle Relief, na baiskeli waliyoibuni kwa ajili ya barabara za Afrika, Buffalo, inabeba kilo 100 kwenye keria. Foki yake? Chuma tupu, haibonyei. Mwenye duka la springi hakuweka springi! Alijua kwamba mwenye kubeba jerikeni mbili za maji, kilo 40, hataki kitu kinachoinama kila akishika breki, wala kitu ambacho fundi wa soko la karibu hawezi kukifungua.

Hilo la fundi ndilo linaloniuma zaidi. Foki nzuri ya upepo inataka mafuta ya miguu yabadilishwe kila saa 50 za kuendesha, ndivyo RockShox wenyewe wanavyosema, na vumbi letu halitasubiri saa 50. Chembe za mchanga zikipita mpira wa kuzuia vumbi zinakwaruza bomba, mafuta yanavuja, na mpira mpya uko Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Foki ya chuma inataka grisi kwenye beringi. Basi.

Sasa, wako wachache wenye foki nzuri tayari. Kwenu: fungeni uzi kwenye bomba, kaeni juu ya baiskeli na mzigo wenu wa kawaida, mshuke taratibu. Uzi uwe umesogea milimita 20 hadi 25 kwa foki ya milimita 100. Geuzeni kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika. Kwenye bati msiifanye irudi polepole mno, maana pigo la pili litaikuta bado imelala, na la tatu imelala zaidi. Na msijaze upepo alfajiri mkasahau: psi 80 kwenye nyuzi 22 inakuwa kama 85 kwenye nyuzi 38, na baiskeli iliyoachwa juani hadi bomba lifike nyuzi 60 inakaribia 92. Pimeni saa ile mnayoendesha.

Mnaong'oa, pimeni kwanza kutoka ekseli hadi chini ya fremu, na mtu awe amekaa juu. Foki mpya ikiwa fupi sana kuliko ile ya zamani, pua ya baiskeli itashuka na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye mchanga wa laga hilo litakuangusha. Shina la juu kwa nyingi ni milimita 28.6, lakini nendeni na ile ya zamani mkononi dukani.