Mbwa Mwoga Hafunzwi kwa Fimbo

Ndugu mkulima wa Thika au Ruiru, wako wasemao kwamba mbwa mwoga hafai shambani. Mimi nakataa. Ukichukua mbwa aliyeokolewa, labda kutoka KSPCA kule Nairobi, naye akajificha chini ya ghala akinguruma, huo si ukali bali ni hofu. Pengine alipigwa sana alikotoka. Ukimwongezea fimbo, atauma watoto wako kabla ya mwizi.

Mpe pahali patulivu, na chakula saa ile ile kila siku. Usimkazie macho, mngoje akujie mwenyewe, kisha umsifu. Kazi hii ni ya majuma mengi. Tena mchanje kila mwaka, asipatwe na kichaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vivyo hivyo.