Kijana, uliza chumba kabla ya tiketi

Vijiweni siku hizi wimbo ni mmoja: Arabuni. Nenda, hakuna anayekuzuia. Lakini kabla mzee hajauza kiwanja ili upate nauli, uliza maswali matatu. Tuchukue Qatar.

Kwanza, utalala wapi? Tangu Machi 2021 kima cha chini huko ni riyali 1,000 kwa mwezi. Tajiri asiyekupa malazi lazima aongeze 500, asiyekupa chakula aongeze 300. Kwa riyali 500 Doha hupangi nyumba, unapanga kitanda. Kwa hiyo mkataba utaje malazi, mnalala wangapi, na umeme nani analipa.

Pili, pasipoti anakaa nayo nani? Sheria yao ya 2015 inamkataza tajiri kuishika, isipokuwa wewe mwenyewe umeomba kwa maandishi. Ndiyo maana usitie saini karatasi ya Kiarabu usiyoielewa. Huenda ndilo hilo ombi!

Tatu, wakala anadai fedha za nini? Sheria ya kazi ya Qatar ya 2004 inawakataza mawakala wa huko kumtoza mfanyakazi. Sasa huyu wa hapa mjini anakula mara ngapi?

Haya yalipaswa kubandikwa kwa Kiswahili kila ofisi ya kata. Wakubwa wakisafiri hoteli imeshalipwa, maswali haya hayawahusu. Lakini kama serikali inazipenda dola ambazo vijana wanatuma nyumbani, basi isome mikataba yao kabla ndege haijaruka. Mlalahoi hana balozi mfukoni.