Kulala njiani bila kuteseka: vitu vya kujishonea na kujitengenezea kabla ya kupanda kamiyo



Juma hili safu yetu inawafikiria wenzetu wanaolala njiani. Tunajuana. Wako wanaotoka Lubumbashi kwenda Kasenga kutafuta samaki wa mto Luapula. Wako wanaoendelea mbele zaidi mpaka Pweto, kwenye ziwa Moero. Wako pia ndugu wanaochanga pesa, wanakodi gari moja kwenda matanga kijijini, wazee mbele na watoto nyuma. Kasenga si mbali sana, ni karibu kilometa 200. Lakini tairi ikipasuka, au mvua ikikata barabara, usiku unawakuta porini, na gari ndiyo inakuwa nyumba.

Usiku ule tunaujua: kulala juu ya magunia yasiyo sawa, kitenge kimoja kwa watu watatu, mbu masikioni, na mbabula imewekwa karibu kwa sababu ya baridi. Asubuhi mgongo unauma, mtoto anakohoa, na juma mbili baadaye homa ya malaria inakula faida yote ya safari. Ndiyo maana tunasema: kulala vizuri njiani si anasa, ni kulinda afya na mtaji. Na karibu vyote vinavyohitajika viko tayari nyumbani, vinangoja sindano na uzi.

Godoro la kukunja

Wengi tunadhani baridi inatoka juu. Tunaongeza blanketi juu, na bado tunatetemeka. Chuma cha kamiyo kinanyonya joto la mwili kutoka chini, na blanketi la juu haliwezi kuzuia hilo. Anza na chini.

Chukua mifuko mitatu mitupu ya unga wa kilo 50. Kila mmoja ukunje na kuushona ubaki na urefu wa sentimeta 60 hivi. Ujaze maganda ya mahindi yaliyoanikwa juani siku tatu mpaka yakauke kabisa, au vipande vya sponji vinavyobaki kwa watengenezaji wa magodoro. Usijaze sana, mfuko uliojaa sana unakuwa mgumu na mtu anateleza. Kisha unganisha mifuko yote mitatu kwa vitambaa vya kitenge cha zamani, ili ikunjike kama kitabu. Usiku unakunjua, unapata karibu meta 1,80. Mchana unakunja, unapata kiti cha kukalia juu ya mzigo. Vaa godoro foronya ya kitenge inayovulika, ili uifue ukirudi. Chini yake tandaza makartoni mawili au matatu: hayana bei, na yanazuia baridi sana.

Angalizo kubwa kwetu wa Katanga: mfuko au bidoni iliyotoka kwenye viwanda vya madini, au iliyobeba mbolea na dawa za shamba, usiitumie kwa kulalia wala kwa maji, hata ukiwa umeiosha mara kumi. Chukua ile tu unayojua ilibeba chakula.

Chandarua kinachoingia kwenye gari

Chandarua cha dawa tunacho nyumbani, lakini njiani tunakiacha kwa sababu hatuoni pa kukifungia. Kata mipira myembamba kutoka tairi ya ndani ya baiskeli, minne, kila mmoja urefu wa mkono. Mwisho wa kila mpira funga kulabu ya waya. Mpira unavutika, kwa hiyo kulabu inashika popote: kwenye vyuma vya pembeni vya kamiyo, kwenye kamba ya mzigo, kwenye tawi. Pindo la chandarua liingie chini ya godoro pande zote. Pengo dogo linatosha kwa mbu.

Kwa wanaolala mbele, kwenye viti, fanya hivi: chukua chandarua kilichochakaa, kata kipande kipana kuliko mlango, kishone kama soksi kubwa. Fungua mlango, vika soksi hiyo juu ya fremu ya dirisha, funga mlango. Sasa unaweza kushusha kioo, hewa inaingia na mbu anabaki nje. Hewa hiyo ni ya lazima, tutaona kwa nini.

Kumbuka pia: chandarua kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kukilalia. Kukifua mara kwa mara kunamaliza dawa yake.

Turubai lisilopasuka

Turubai mara nyingi hupasuka pembeni, pale tulipotoboa tundu la kamba. Usitoboe. Weka kijiwe laini ndani ya pembe ya turubai, kizungushie turubai lenyewe, kisha funga kamba shingoni mwa kijiwe. Kamba inashika bila tundu, na upepo haupasui. Upande mmoja uwe juu na mwingine chini, mvua iteremke. Maji yakikusanyika katikati yatalemea na kuangusha yote.

Turubai hilo tulifunge ubavuni mwa gari, kamwe tusilale chini ya gari. Shofere anaweza kuamka usiku na kusogeza kamiyo bila kujua kuna mtu, au gari lenyewe linaweza kuteleza. Kabla watoto hawajalala, mama mmoja aende amwambie shofere wako wapi na wako wangapi. Mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu.

Choo cha usiku

Hili tunalisema wazi kwa sababu ni letu wanawake. Kwenda porini usiku peke yako ni hatari, na wengi wetu tunakataa kunywa maji siku nzima ili tusiende. Matokeo yake ni kichwa kuuma na maumivu ya mkojo. Beba ndoo moja yenye kifuniko kinachofunga vizuri, na kilo moja ya majivu kwenye mfuko. Fungua milango miwili ya upande mmoja, ning'iniza kitenge kati yake kwa vibanio vya nguo: una chumba. Kila baada ya kutumia, nyunyiza majivu. Asubuhi mwaga ndani ya shimo, mbali na mto na kisima. Karibu na ndoo weka bidoni ya lita 5 iliyotobolewa tundu dogo kwa msumari. Msumari unabaki kama kizibo. Maji yanatoka kidogo kidogo, yanatosha watu wengi kunawa kwa sabuni. Katika sehemu za ziwa na Luapula, ambako kipindupindu kinarudi mara nyingi, bidoni hiyo ina thamani kuliko godoro.

Kikapu cha joto mahali pa mbabula

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa huku kwetu juu unashuka hata chini ya digrii 10. Jioni tumepika juu ya mbabula, makala yamebaki mekundu, hayana moshi tena. Mtu anasema: tuiingize ndani, tupate joto. Anafunga vioo, au anashusha turubai mpaka chini.

Wamama, makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala hasikii lolote. Moshi wa injini unaoingia ndani una gesi hiyo hiyo, kwa hiyo kuwasha gari ili kupata joto pia si dawa. Mbabula isiingie ndani ya gari wala chini ya turubai lililoshushwa, hata dakika chache, hata kama mtoto analia baridi. Ukikuta mtu amelegea ndani, mtoe kwenye hewa kwanza, kisha mpeleke hospitali.

Lakini hatuwezi kuwaambia muache moto bila kuwapa kitu kingine. Chukua kikapu kikubwa au kartoni imara. Ndani pande zote weka nyasi kavu au nguo za zamani, unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya sufuria katikati. Shona mto wa nguo wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku, yachemshe kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria yenye kifuniko iingie kikapuni ikiwa bado inatokota. Usifungue kwa saa nne. Joto lile lile linaendelea kupika, bila makala. Mchele unachemka dakika 5, unakaa saa moja. Sombe iliyokwisha iva nyumbani inabaki moto mpaka jioni. Ukikuta chakula ni vuguvugu tu, kichemshe tena kabla ya kula, na kisilale mpaka kesho.

Kwa hiyo mnapika mchana mnapongoja, mnazima makala kwa maji au mchanga kabla ya giza, na mnakula chakula cha moto usiku. Tumbo lenye chakula cha moto, godoro chini, kofia kichwani na soksi miguuni: hilo ndilo joto la njiani.

Kwenye kikao chetu cha juma lijalo, kila mmoja alete mifuko mitatu mitupu, sindano ya magunia na kitenge kimoja cha zamani. Tutashona pamoja. Wenye safari ya karibu watatangulia kupata.